Admirali wa Lisbon na Batigre wa Kolwezi

MUSONOI, KOLWEZI. Ukiketi na wazee wa hapa Musonoi na kuwauliza juu ya vita ya 1978, majina yanatoka haraka: Mobutu, Nathanaël Mbumba, kanali Erulin na walejio wake walioshuka na parashuti. Kuna jina moja ambalo halitoki. Ni la mwanamaji Mreno, António Alva Rosa Coutinho, aliyestaafu akiwa admirali na kufa Lisbon tarehe 2 mwezi wa sita, 2010, akiwa na miaka 84. Alitawala Angola kwa nusu mwaka tu. Lakini katika nusu mwaka huo alisukuma jambo moja ambalo miaka mitatu na nusu baadaye lilifika mpaka hapa kwetu, likaingia katika nyumba zetu, na familia nyingi za Lualaba zikatawanyika.

Maisha yake yanastahili kujulikana hapa, hasa na familia zilizokimbilia Angola 1977 na 1978, na watoto waliozaliwa huko ambao hadi leo wanaitwa "watoto ya Batigre" bila kuelezwa baba zao walifikaje upande ule, na kwa nini walirudi na bunduki.

Rosa Coutinho alizaliwa Ureno mwaka 1926. Aliingia shule ya jeshi la maji akiwa kijana, akajifunza kazi isiyo na kelele: kupima bahari. Watu wa kazi hiyo hukaa melini siku nyingi wakipima kina cha maji, wakitafuta michanga iliyojificha chini, na kuchora ramani ili meli nyingine zipite bila kukwama. Ni kazi ya hesabu na uvumilivu. Kwa miaka mingi aliifanya katika pwani ya Angola, na huko alikutana na Kongo kwa mara ya kwanza, pale mto wetu unapomwagika baharini. Mlango huo wa mto ni mpana na mgumu, na umegawanyika: upande mmoja ni Banana ya Kongo, upande wa pili ni mji ambao Wareno waliuita Santo António do Zaire na leo unaitwa Soyo. Pwani yetu yote ya bahari haifiki kilomita 40, lakini kipande hicho kidogo kilimpatia matatizo makubwa.

Mwaka 1961 vita ya uhuru ilianza Angola. Mwezi wa tatu, watu wa UPA ya Holden Roberto, ambao makao yao yalikuwa Léopoldville, walishambulia mashamba ya kaskazini, na Wareno wakajibu kwa ukatili mkubwa kuliko huo. Mwanzoni mwa miaka hiyo Rosa Coutinho, akiwa katika kazi yake ya kupima maji, alikamatwa huko mlangoni mwa mto na kufungwa upande wa Kongo kwa muda kabla ya kuachiliwa. UPA ndiyo baadaye ikawa FNLA, rafiki mkubwa wa Mobutu. Wengi walioandika juu ya admirali wanasema kwamba hakuusahau ule ufungwa, na kwamba mambo aliyoyafanya 1974 yalianzia pale. Pengine ni kweli. Lakini mtu wa miaka 48 mwenye cheo hafuati hasira tu. Alikuwa na mawazo ya kisiasa pia, na aliyasema waziwazi.

Tarehe 25 mwezi wa nne, 1974, maafisa vijana wa jeshi la Ureno walichoka na vita za Afrika. Kwa siku moja waliangusha serikali iliyotawala kwa mkono wa chuma karibu miaka 48. Madaraka yalishikwa na kamati ya wanajeshi saba chini ya jenerali Spínola. Wawili kati yao walitoka jeshi la maji, na mmoja wa hao wawili alikuwa Rosa Coutinho. Hakuwa mkubwa sana jeshini wakati huo. Mapinduzi yalimpandisha ngazi kwa haraka, na muda mfupi baadaye watu wakawa wanamwita admirali.

Mwezi wa saba mwaka huo mitaa ya Luanda ilichafuka. Wazungu na Waafrika waliuana katika vitongoji, gavana aliyekuwepo akashindwa, na Lisbon ikamwita arudi. Aliyetumwa mahali pake ni Rosa Coutinho. Alifika kama mkuu wa kamati ya kutawala, kisha akafanywa kamishna mkuu. Wazungu wa Luanda walimpa jina la "Admirali Mwekundu", na hawakulitoa kwa upendo.

Kulikuwa na vyama vitatu vikitafuta Angola: FNLA ya Holden Roberto, iliyoishi kwa msaada wa Mobutu, UNITA ya Jonas Savimbi, na MPLA ya Agostinho Neto. Katikati ya mwezi wa tisa, Spínola alikutana na Mobutu katika kisiwa cha Sal, Cape Verde. Walizungumza juu ya Angola ambayo Neto angewekwa pembeni. Kama mpango ule ungefaulu, mpaka wetu wa Dilolo ungekuwa na marafiki wa Mobutu pande zote mbili. Haukufaulu. Tarehe 30 mwezi huohuo Spínola aliacha urais, na mtu wa Luanda akabaki bila mkubwa wa kumzuia. Rosa Coutinho aliamini kwamba MPLA ndiyo chama pekee kinachoweza kushika nchi, na kwamba ushindi wa FNLA ungekuwa ushindi wa Kinshasa. Shida ilikuwa moja: wakati ule MPLA ilikuwa dhaifu. Ilikuwa imegawanyika ndani, Daniel Chipenda ameondoka na watu wake, na porini haikuwa na askari wa kutosha.

Askari walikuwepo, lakini walikuwa wa mtu mwingine. Walikuwa wana wa Katanga.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo, maana vijana wengi wa Musonoi wamesikia neno "jandarme" bila kujua mwanzo wake. Tshombe alipotangaza Katanga kuwa nchi tarehe 11 mwezi wa saba, 1960, alijenga jeshi lake, nalo likaitwa jandarmeri. Kolwezi ndiyo ilikuwa ngome yake ya mwisho. Askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia hapa tarehe 21 mwezi wa kwanza, 1963, majandarme wengi walikuwa wamekwisha kupanda treni na silaha zao. Walipita Dilolo, wakavuka mpaka hadi Teixeira de Sousa, mji ambao leo ni Luau. Wareno waliwapokea. Mwaka 1964 Tshombe alipoitwa kuwa waziri mkuu wa Kongo yote, wengi walirudishwa ili wapigane na Wasimba. Kisha ukaja uasi wa Kisangani 1966, na mwingine 1967, na baada ya hapo Mobutu hakuwaamini tena. Waliowahi kukimbia walivuka tena kwenda Angola, wakiongozwa na Nathanaël Mbumba, aliyekuwa polisi Katanga. Mwaka 1968 waliunda chama chao, FLNC. Mwaka uliofuata Tshombe alikufa kifungoni Algeria.

Wareno hawakuwalisha bure. Waliwapanga katika makambi ya Lunda na Moxico, wakawapa jina la "Fiéis", maana yake waaminifu, na kuwatuma porini kupigana na wapigania uhuru wa Angola. Kazi hiyo ilisimamiwa na polisi wa siri wa Ureno, PIDE. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa Wakatanga walipigana na MPLA kwa faida ya Mreno. Wake zao na watoto wao waliishi makambini nao. Ilikuwa mishahara ya ukimbizi: unalindwa mradi unapiga risasi mahali unapoelekezwa. Walichokitaka wao ni kurudi nyumbani, na Mreno alijua hivyo. Aliwaahidi kidogo kidogo, akawaweka.

Mapinduzi ya Lisbon yaliwaacha katika hatari. PIDE, bwana wao wa siku zote, ilikuwa imevunjika Ureno. Angola ilikuwa inakwenda kwenye uhuru, na vyama vyote vitatu viliwajua kama mbwa wa mkoloni. Kwenda FNLA hakukuwezekana, kwa sababu FNLA na Mobutu walikuwa nyumba moja. Kujiunga nao kungekuwa kujipeleka wenyewe jela ya Kinshasa, au pabaya kuliko jela. Kurudi Katanga mikono mitupu? Walikumbuka yaliyowapata wenzao waliorudi kwa kuahidiwa msamaha. Walibaki na mlango mmoja wa ajabu, ule wa adui waliyekuwa wakipigana naye juzi.

Ndipo ofisi ya admirali ikaingia kazini. Rosa Coutinho na maafisa wake walitaka majandarme waende upande wa Neto, na waliwasaidia kukutana. Mwezi wa kumi na mbili, 1974, mapatano yalifikiwa: Wakatanga wangepigana pamoja na MPLA, na MPLA ingewatazama kama ndugu wenye haki ya kurudi kwao siku moja. Kwa Luanda ilikuwa zawadi kubwa: elfu kadhaa za askari waliofundishwa, wenye nidhamu, wanaoijua mashariki ya Angola kama wanavyojua kiganja. Kwa Mbumba ilikuwa barabara ya kurudi nyumbani, hata kama ilizunguka.

Je, admirali ndiye aliyefanya yote haya? Hapana. Mbumba hakuwa mtoto mdogo wa kushikwa mkono. Alipima, akaona, akachagua. Na ukiangalia milango iliyokuwa wazi mbele yake, ni vigumu kusema alichagua vibaya. Neto naye alikuwa na hesabu zake. Lakini mwenye serikali Luanda wakati ule alikuwa Rosa Coutinho. Angeweza kuwanyang'anya silaha wale watu na kuwapeleka na jamaa zao mahali pa amani chini ya Umoja wa Mataifa, kama wakimbizi wengine. Hakuna anayejua kama wangekubali. Hata hivyo njia hiyo haikupewa nafasi. Walihesabiwa kama bunduki. Tshombe aliwahesabu hivyo, PIDE ikawahesabu hivyo, na huyu mwanamapinduzi aliyesema amekuja kumaliza ukoloni aliwahesabu vilevile. Hapo ndipo lawama yake ilipo kwa upande wetu, na ni lawama tofauti kabisa na ile wanayompa Wareno.

Wareno wao wanabishana juu ya mambo mengine. Waliopoteza mashamba na nyumba Angola, na walikuwa mamia ya maelfu waliokimbia 1975, walimwita msaliti. Kulizungushwa barua iliyosemekana ameiandikia Neto, akimshauri watishe Wazungu ili waondoke. Alikana kuiandika, na wachunguzi wengi wameiona kuwa barua ya uongo. Imeendelea kusambazwa hata hivyo, kama kawaida ya barua za namna hiyo. Kwa upande wa kushoto alibaki shujaa aliyekataa kuuza Angola. Katika ubishi huo wote, unaojaza kurasa nyingi, Kolwezi inatajwa kwa nadra sana.

Tarehe 15 mwezi wa kwanza, 1975, vyama vitatu na Ureno vilitia sahihi mapatano ya Alvor. Mwisho wa mwezi huo Rosa Coutinho aliondoka Luanda, akaachia jenerali Silva Cardoso. Mapatano hayakudumu. Miezi michache tu na vyama vilikuwa vinauana barabarani. Majandarme walipigana mashariki, na walikuwepo pia katika kulinda Luanda, kule Quifangondo, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja, pamoja na Wakuba, dhidi ya FNLA na askari wa Mobutu. Siku iliyofuata Neto alitangaza uhuru. Wiki mbili baadaye, tarehe 25, huko Lisbon, mrengo wa kushoto wa jeshi ulishindwa, na Rosa Coutinho akapoteza nafasi yake katika serikali. Kwa hiyo katika mwezi uleule ambao watu aliowaunga mkono walishinda Afrika, yeye mwenyewe alianguka kwao. Alikuwa na umri usiofika miaka 50 na kazi yake kubwa ilikuwa imekwisha.

Kolwezi ilianza kulipa kabla hata ya risasi kufika. Mwezi wa nane, 1975, vita ya Angola ilifunga reli ya Benguela. Reli hiyo ilikuwa njia fupi ya kupeleka shaba yetu baharini: kutoka hapa mpaka Dilolo, kuvuka mpaka, kisha moja kwa moja hadi bandari ya Lobito. Mafundi wa treni na wafanyakazi wa Gécamines wa zamani wanakumbuka jinsi mabehewa yalivyobadili mwelekeo, mengine kusini mpaka bandari za mbali, mengine kaskazini mpaka Ilebo, ambako shaba ilipakuliwa, ikapanda mashua mpaka Kinshasa, ikashuka tena kupanda treni ya Matadi. Gharama zilipanda wakati bei ya shaba ilikuwa chini, na vitu dukani vikaadimika.

Kisha wenyewe wakaja. Tarehe 8 mwezi wa tatu, 1977, Batigre walivuka kutoka Angola, wakachukua Dilolo, Kisenge na Kapanga. Tarehe 25 wakaingia Mutshatsha. Jeshi la Mobutu lilikuwa likirudi nyuma mbele yao. Watu wa Kolwezi walikaa na masikio barabarani. Ndege za Ufaransa zilileta askari wa Moroko, na mwisho wa mwezi wa tano vita ikaisha. Iliitwa Vita ya Siku 80. Batigre walirudi Angola, lakini wenye kubaki vijijini ndio waliolipa. Askari wa serikali waliona kila Mlunda kama mshiriki wa adui. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa, makumi ya maelfu wakavuka mpaka kuelekea Angola na miguu. Hata waziri wa mambo ya nje, Nguza Karl-i-Bond, Mlunda wa Musumba, alikamatwa na kuhukumiwa kifo mwezi wa tisa mwaka huo, kabla ya kusamehewa mwaka uliofuata. Kama waziri alitendewa hivyo, mkulima wa Kapanga angesemaje?

Kwa familia za wakimbizi, hiyo 1977 ndiyo sura yenyewe ya habari hii, ingawa vitabu vinapenda zaidi 1978. Mwaka 1978 kulikuwa na Wazungu ndani, basi dunia iliandika. Tarehe 13 mwezi wa tano, Batigre walitokea upande wa Zambia na kuushika mji wa Kolwezi asubuhi. Mwanzoni walikuwa na utaratibu. Kisha utaratibu ulivunjika. Wazungu zaidi ya 100 waliuawa, na Waafrika kwa mamia. Mauaji mengi yanahesabiwa juu ya Batigre na vijana wa mji waliojiunga nao, na mengine wakalaumiwa askari wa Mobutu. Tarehe 19 walejio wa Ufaransa walianza kuruka na parashuti, na kesho yake wakaja Wabelgiji. Vita ya Siku Sita ilikuwa imekwisha, na Batigre wakiwa tena njiani kurudi Angola. Mafundi Wazungu walihamishwa, migodi ikasimama, bei ya kobalti ikaruka duniani kwa sababu sehemu kubwa ya kobalti ilitoka chini ya miguu yetu. Na watu weusi wa mitaa ya wafanyakazi walizika wenyewe, wengine karibu na nyumba, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kufika makaburini.

Mwaka huohuo Neto na Mobutu walipatana. Neto alikuja Kinshasa mwezi wa nane. Sharti mojawapo la urafiki mpya lilikuwa kwamba Batigre wasisogee tena mpakani. Walinyang'anywa silaha na kupelekwa mbali, na Mbumba akafukuzwa Angola. Ile ahadi ya 1974, ya ndugu wenye haki ya kurudi kwao, ilikwisha kwa karatasi nyingine iliyosainiwa na wakubwa wengine. Mobutu alitangaza msamaha kwa wakimbizi, na wengi walirudi kwa makundi. Wengine waliogopa, wakabaki. Ndiyo sababu kuna familia hapa zenye baba mdogo anayesema Kireno Saurimo, na dada mkubwa ambaye hakuna aliyemwona tangu Mutshatsha.

Waliobaki walisubiri miaka mingine kumi na tisa. Mwanzo wa 1997 Batigre, sasa wengi wao wakiwa watoto wa wale wa kwanza, waliletwa na Angola kusaidia vita ya Laurent-Désiré Kabila. Mwezi wa tano waliingia Kinshasa na Mobutu akakimbia. Mtu angefikiri kwamba safari imefika mwisho. Lakini hata hapo walipewa kazi ya bunduki kwanza, na swali la nyumba na kipande cha ardhi likaachwa. Wengine walirudi Katanga na kukuta kwamba jina la Batigre bado linanuka kwa jirani aliyefiwa 1978. Jirani huyo naye ana haki yake. Mtoto aliyezaliwa kambini Lunda hakumwua mtu, na mama aliyefiwa na mume Kolwezi hakumfukuza mtu; wote wawili wanakutana sokoni, na mara nyingi hawajui waseme nini.

Wakati hayo yote yakitendeka, admirali alikuwa mstaafu. Aliishi Lisbon zaidi ya miaka thelathini baada ya kuondoka serikalini. Alitoa mahojiano, alijibu mashtaka ya wale waliopoteza Angola, alitetea alichokifanya. Hakugeuka. Kwa mtu wa siasa hilo ni jambo la kuheshimika, hata kwa asiyekubaliana naye. Wengi wa rika lake walibadili maneno upepo ulipobadilika. Alikuwa na pensheni ya afisa, na alizikwa na watu wake. Mbumba na wanaume aliowaongoza hawakupata pensheni ya jeshi lolote kati ya yale waliyoyatumikia: ya Katanga, ya Mreno, ya Angola, wala, kwa walio wengi, ya Kongo. Hapa Musonoi, ambako mzee wa mgodi anaweza kungoja haki zake za mwisho mpaka anakufa, hilo halihitaji maelezo mengi.

Familia zinazotafuta ndugu waliopotelea upande wa Angola zinakumbushwa kwamba makambi ya zamani yalikuwa zaidi katika Lunda na Moxico, na kwamba majina mengi yaliandikwa kwa namna ya Kireno: Kapenda anaweza kuwa Capenda, Tshikomb anaweza kuwa Chicombo. Wanaoulizia kupitia ofisi za wakimbizi au kwa mapadri na wachungaji wa Luau na Saurimo watafute kwa njia zote mbili za kuandika. Mzee yeyote anayekumbuka jina la kambi, hata moja tu, alitaje kwa watoto wake wakati bado yuko.

Reli nayo imefunguka tena. Upande wa Angola ilijengwa upya na Wachina mpaka Luau, na mwaka 2023 ilikabidhiwa kwa miaka 30 kwa kundi la makampuni, mojawapo likiwa kampuni ya Kireno ya ujenzi, Mota-Engil. Mabehewa ya shaba yanatoka huku Kolwezi, yanapita Mutshatsha na Dilolo, na kuvuka mpaka palepale walipovukia majandarme 1963, yakielekea Lobito, baharini.